Kamera ya kawaida yageuka nguzo ya wanaakiolojia wasio na fedha

MWAKA 1979 kundi la watafiti lililoongozwa na Mary Leakey huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, lilifanya jambo ambalo mtu asiyeijua kazi yao angelistaajabia. Baada ya kufukua kwa makini kwa misimu miwili, lilirudisha mchanga na udongo juu ya kila lilichokuwa limekifukua, kisha likapanga mawe ya volkano juu yake.

Kilichofukiwa kilikuwa hazina. Zilikuwa nyayo zipatazo 70 za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita, zimejipanga katika njia yenye urefu wa karibu mita 27. Zilikuwa zimechapwa juu ya majivu ya volkano yaliyolowa kisha yakaganda kama saruji. Hazingeweza kubebwa hadi Dar es Salaam au Arusha bila kuvunjika, na kuziacha wazi kungekuwa sawa na kuzikabidhi kwa mvua, jua na kwato za mifugo.

Hata hivyo, udongo ule uliotumiwa kama blanketi ulikuwa na mbegu za migunga ndani yake. Mbegu zikaota, miti ikakua, na mizizi ikaanza kushuka kuelekea tabaka lenye nyayo. Serikali ya Tanzania, ikishirikiana na taasisi ya Getty Conservation Institute ya Marekani, ililazimika kuzifukua upya katika misimu ya 1995 na 1996, kuondoa mizizi hiyo, kisha kuzifukia tena kwa utaratibu bora zaidi.

Kabla ya kufunikwa mara ya pili, kila wayo ulipigwa picha na kupimwa kwa njia iitwayo fotogrametri. Kazi hiyo ilisimamiwa na Profesa Heinz Rüther wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Katika enzi hiyo, fotogrametri ilikuwa kazi ya mabingwa wachache wenye kamera maalumu na mitambo ya bei ghali, na haikuwa rahisi kwa idara ya mambo ya kale ya nchi maskini kuimudu bila mfadhili wa kigeni.

Miaka 20 baadaye, mwaka 2015, nyayo nyingine zilipatikana papo hapo Laetoli, umbali wa mita 150 hivi kutoka zile za Leakey. Safari hii waliozigundua walikuwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, waliokuwa wakichimba mashimo ya majaribio ili kutathmini athari za mpango wa kujenga jumba la makumbusho mahali hapo. Pamoja na wenzao kutoka Italia, walizipiga nyayo hizo picha za kawaida za kidijitali na kuiachia tarakilishi kazi ya kuziunganisha ziwe umbo lenye urefu, upana na kina. Matokeo yalichapishwa Desemba 2016 katika jarida la eLife, ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma bila malipo.

Mabadiliko yaliyotokea kati ya 1995 na 2015 yanastahili kueleweka na yeyote anayejali turathi za Afrika Mashariki. Kazi iliyokuwa ya matajiri sasa inaweza kufanywa na mwanafunzi mwenye simu nzuri ya mkononi, futi ya kupimia na subira.

Umuhimu wake unatokana na asili ya akiolojia yenyewe. Mwanaakiolojia huharibu kile anachokichunguza. Akishaliondoa tabaka la udongo kwa mwiko na burashi, hawezi kulirudisha lilivyokuwa. Kigae kilikuwa kimelalaje, jiko lilikuwa umbali gani kutoka ukutani, shimo la nguzo lilikuwa na kina gani: hayo yote hubakia katika kumbukumbu alizoweka tu. Kumbukumbu zikiwa mbovu, hata wachimbaji wawe hodari namna gani, historia imepotea na hakuna rufani.

Laetoli yenyewe ina ushahidi wa hilo. Nyayo tano zilizoonekana mnamo 1976 na 1977 katika eneo liitwalo A zilizua mabishano kwa muda mrefu. Wapo waliosema ni za jamaa wa binadamu, na wapo waliodai kuwa huenda ni za dubu aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Nyayo hizo hazikuwa zimesafishwa zote kikamilifu, na kumbukumbu zilizokuwepo hazikutosha kumaliza ubishi. Ilibidi watafiti warudi mwaka 2019, wazifukue upya na kuzipima kwa vifaa vya kisasa, ndipo mwaka 2021 katika jarida la Nature wakatoa hoja kwamba hazikuwa za dubu. Kwa bahati nzuri bado zilikuwepo. Mahali pengi mtafiti akirudi baada ya miaka 40 hukuta shamba, barabara au nyumba ya kupangisha.

Fotogrametri si uvumbuzi wa juzi. Mjerumani Albrecht Meydenbauer aliponea chupuchupu kuanguka kutoka juu ya kanisa kuu la mji wa Wetzlar mwaka 1858, alipokuwa akilipima kwa mikono. Baada ya mkasa huo alijiuliza kwa nini asipige picha akiwa chini na kuzipima hizo badala ya jengo. Jina la elimu hiyo lilionekana kwa mara ya kwanza katika chapisho mwaka 1867. Kwa maneno mengine, tangu mwanzo njia hii ilikusudiwa kupunguza taabu na hatari.

Msingi wake anaweza kuujaribu yeyote. Nyosha mkono, inua kidole gumba mbele ya uso, kisha kitazame kwa jicho moja na baadaye kwa jingine. Kidole kitaonekana kuruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, ilhali ukuta ulio mbali utasogea kidogo tu. Ubongo hutumia tofauti hiyo kukadiria umbali. Tarakilishi nayo hufanya vivyo hivyo, ila badala ya macho mawili hupewa picha nyingi. Hutafuta alama ndogondogo zinazofanana katika picha hizo, ikakokotoa kamera ilikuwa wapi kila picha ilipopigwa, kisha ikajua kila alama iko wapi angani. Alama hizo zikifika mamilioni, huwa umbo kamili la shimo, ukuta au wayo, linaloweza kuzungushwa na kupimwa kwenye kioo.

Programu za kufanya hesabu hizo zipo za kununua na zipo za bure. Miongoni mwa za bure ni Meshroom, COLMAP, MicMac na WebODM. Si zote zinazofaa kila tarakilishi. Meshroom, mathalan, huhitaji kadi ya michoro ya NVIDIA ili kukamilisha kazi yake. Lakini ukosefu wa mashine yenye nguvu huko porini si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa, kwa kuwa picha zikipigwa sawasawa zinaweza kusubiri hadi zifikishwe mjini. Picha zilizopigwa vibaya ndizo zisizo na dawa.

Kanuni ya kwanza ya upigaji ni kurudia. Kila picha inapaswa kuonyesha tena angalau thuluthi mbili za kile kilichoonyeshwa na picha iliyotangulia, ili kila sehemu ya shimo ionekane katika picha tatu au zaidi. Mpigaji huzunguka polepole kana kwamba anatawafu, hatua fupi baada ya hatua fupi, kwanza kamera ikiwa juu, kisha ikiwa chini kidogo na imeinama. Shimo la mita 2 kwa mita 2 linaweza kuhitaji picha 100. Haifai kuvuta picha karibu kwa zumu wala kubadilisha lenzi katikati ya kazi, kwa sababu tarakilishi hujifunza tabia ya lenzi moja na hutatizika ikibadilishiwa.

Kivuli ni adui mkubwa kuliko giza. Jua la saa sita mchana hufanya upande mmoja wa shimo ung'ae na mwingine uwe mweusi, na vivuli vinavyosogea huichanganya programu. Alfajiri baada ya kupambazuka, au siku ya mawingu, ni wakati mzuri. Kama hakuna budi, turubai moja lililoshikwa na watu wanne hutosha kulitia shimo lote kwenye kivuli kimoja. Kamera inaweza kupandishwa juu kwa kufungwa kwenye ufito mrefu. Wengine wametumia kishada, na kazi ikafana. Ndege ndogo isiyo na rubani hurahisisha mambo, lakini humu nchini huwezi kuirusha bila kufuata kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, na wanafunzi wenye bajeti ndogo aghalabu hawana fedha wala muda wa kufuatilia vibali hivyo.

Sehemu ambayo wengi huipuuza ni vipimo. Picha peke yake haijui ukubwa. Tarakilishi itachora umbo sahihi la shimo bila kujua kama lina upana wa mita 2 au sentimita 20. Njia ya gharama kubwa ni kutumia mtambo wa wapima ardhi. Njia ya mnyonge ni misumari minne iliyopigiliwa kwenye pembe za shimo, kila mmoja ukiwa na kikaratasi cha mraba chenye rangi nyeusi na nyeupe, na futi ya chuma. Kati ya misumari minne kuna masafa sita, yaani pande nne na mikingamo miwili. Yote sita hupimwa na kuandikwa daftarini. Matano huingizwa katika programu na la sita hufichwa. Umbo likishakamilika, hilo la sita hupimwa kwenye kioo na kulinganishwa na daftari. Tofauti ikiwa milimita chache, kazi imekubali. Ikiwa sentimita kadhaa, kuna aliyekosea.

Kwa upande wa usawa wa ardhi, mwashi yeyote wa mtaani anajua dawa yake, nayo ni mpira mwembamba wa plastiki uliojazwa maji. Maji katika ncha zote mbili hukaa kwenye kimo kimoja, hata ncha hizo ziwe zimetenganishwa na ukuta. Kwa kifaa hicho cha bei nafuu, kimo cha kila msumari kinaweza kujulikana. Mshale wa kaskazini huchukuliwa kwa dira. Ama kipokea setilaiti kilichomo ndani ya simu, hicho hukosea kwa mita kadhaa. Kinafaa kuonyesha shimo liko wapi kwenye ramani, lakini hakifai hata kidogo kulipima shimo lenyewe.

Kwa nini uangalifu wote huu? Rejea nyayo za 2015. Kutokana na urefu wa nyayo, watafiti walikadiria kuwa mmoja wa waliopita hapo alikuwa na kimo cha karibu sentimita 165, na hoja yao kuu ilikuwa kwamba viumbe hao walitofautiana sana kwa ukubwa. Endapo kipimo cha umbo kingekosewa kwa asilimia 5 tu, kimo hicho kingebadilika kwa takribani sentimita 8, na hoja ingeyumba. Umbo lenye kipimo kibaya hupendeza machoni sawa na lenye kipimo kizuri, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Kuna mtego mwingine unaowanasa wanaoanza. Picha zote zikipigwa kutoka juu moja kwa moja, kwa kimo kilekile, programu inaweza kuukunja uso ulionyooka ukawa kama bakuli lililofunikwa au lililofunuliwa. Sakafu ya msikiti wa kale iliyo sawa itaonekana imevimba katikati. Picha kadhaa za kuinamisha kamera pembeni huondoa kasoro hiyo. Majani yanayotikiswa na upepo, maji yanayometa na vigae vyenye mng'aro navyo huisumbua programu. Simu nyingi za kisasa, kwa kutaka kumfurahisha mwenyewe, huirembesha picha kabla ya kuihifadhi. Mapambo hayo yafaa yazimwe.

Kazi ya usiku ni muhimu kama ya mchana. Kabla ya kulala, picha za siku hiyo hupakiwa na umbo la haraka, lisilo na undani, likatengenezwa. Lengo ni kugundua tundu lolote mapema, kwa mfano pembe iliyosahauliwa au picha zilizotikisika, wakati tabaka bado lipo. Asubuhi likishaondolewa, kugundua kosa hakusaidii. Ikiwa umeme ni wa sola au jenereta inayokunywa mafuta ya kuhesabiwa, ni heri kuipa kazi hii kipaumbele kuliko kuchaji redio.

Wapo wanaodhani kwamba kamera sasa imemwondolea mwanaakiolojia kalamu na karatasi. Hilo ni kosa. Anayechora shimo kwa mkono hulazimika kulitazama kwa saa nzima, na katika kutazama huko hugundua kwamba udongo wa kushoto ni laini zaidi, au kwamba mstari aliodhani ni mzizi ni ukingo wa shimo la kale. Kamera haipapasi udongo. Njia bora kwa kundi dogo ni kutengeneza umbo kwa picha, kulichapisha kwenye karatasi, kisha kurudi nalo shimoni na kuandika juu yake kinachoonekana na kinachogusika.

Manufaa ya njia hii si kwa wachimbaji pekee. Chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006, hakuna anayeruhusiwa kuchimba eneo la kale nchini Kenya bila leseni, na ni vyema iwe hivyo. Lakini kuna kazi kubwa isiyohitaji jembe. Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori, iliyotambuliwa na Unesco mwaka 2018, ni kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kuyashikanisha. Ukuta wa namna hiyo hauanguki ghafla. Huanza kwa kutunga tumbo kidogo kidogo. Jicho la mlinzi anayeuona kila siku haliwezi kutambua kwamba umesogea sentimita 2 tangu mwaka jana. Maumbo mawili ya tarakilishi, la mwaka jana na la mwaka huu, yanaweza.

Vivyo hivyo kwa Gedi, karibu na Watamu, ambayo iliingia katika orodha hiyo ya Unesco mwaka 2024. Kuta za matumbawe na chokaa katika mji huo ulioachwa zimezungukwa na msitu ambao mizizi yake haijali historia. Kupiga picha kuta hizo kila baada ya msimu wa mvua, kutoka sehemu zilezile, kungewaonyesha wahifadhi ni ukuta upi wa kutengenezwa kwanza, jambo lenye maana kubwa pale fedha za ukarabati zinapokuwa haba.

Mfano wa aina hiyo umekwisha kufanyika jirani. Huko Engare Sero, kusini mwa Ziwa Natron nchini Tanzania, kuna zaidi ya nyayo 400 za binadamu wa kale, zilizo wazi juu ya ardhi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wataalamu walilinganisha maumbo ya picha za nyakati tofauti ili kupima ni kiasi gani cha uso wa nyayo hizo kimeliwa na mmomonyoko.

Linabaki suala la nani huweka picha. Profesa Rüther, yule wa Laetoli, alianzisha baadaye huko Cape Town mradi aliouita Zamani, kwa neno letu la Kiswahili, ambao umepima magofu mengi ya Afrika yakiwemo ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Huo una makao barani humu. Lakini mara nyingi kundi la wageni huja, hupiga picha, huondoka na diski, na makavazi ya mahali hapo hubakia na barua ya shukrani. Nakala ya picha zote iachwe nchini kabla ya ndege kuondoka, na iwe sharti la leseni. Picha 300 za kawaida hazizidi gigabaiti chache. Hakuna kisingizio cha uzito.

Wamijikenda wanaijua thamani ya picha iliyotunzwa. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa mbele ya vigango viwili vya nduguze marehemu. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Mwaka 1999 Udvardy alikitambua kimoja miongoni mwa mali za jumba la makumbusho huko Illinois, Marekani, na cha pili kikapatikana katika jumba jingine jimboni Virginia. Bila picha ile ya 1985 hakuna ambaye angethibitisha ni vya nani. Kabla ya mwaka 2007 kwisha, vyote viwili vilikuwa vimerudishwa Kenya. Tahadhari ni kwamba wezi nao husoma mitandao, hivyo haifai kutangaza mahali hasa vilipo vigango, makaburi au vitu vingine vinavyoweza kubebwa.

Na kinachopaswa kutunzwa ni picha zenyewe, pamoja na daftari la vipimo, wala si umbo lililokamilika peke yake. Programu za kesho zitakuwa bora kuliko za leo. Mwaka 1940 Mmarekani Roland Bird alipiga picha kadhaa za nyayo za dinosaria katika mto Paluxy, Texas, kabla ya kuzing'oa na kuzisafirisha vipande vipande. Sehemu ya nyayo hizo ilipotea. Mwaka 2014 watafiti walizichukua picha zake 12, wakaziingiza katika tarakilishi, na njia nzima ikaonekana tena jinsi ilivyokuwa kabla ya kuchimbwa. Wakati Bird alipobonyeza kamera yake, hapakuwa na programu yoyote duniani ya kufanya kazi hiyo.